Cheche ya Nne

"Dola mia saba hamsini na sita," nilimwambia Tuttle. "Sikuja kukopa. Hizo ni za dada yangu."

Tuttle, mhasibu wa mishahara wa meli yetu, hakuinua hata kichwa. Alikuwa anachonga penseli. Akasema fedha hizo ni mishahara ya miezi sita, ambayo mjane hupewa mumewe akifia kazini, na kwamba yeye hana ugomvi na mjane yeyote. Ila bodi ya uchunguzi imekwisha kusema kuwa shemeji yangu, Delbert Ruskey, alijitenga na wenzake angani bila amri, akapotelea huko alikokwenda. Mtu wa namna hiyo kafa kwa makosa yake mwenyewe. Mjane wake hapati senti.

"Alirudi," nikasema. "Alirudi mpaka juu ya vichwa vyetu. Nilimsikia kwa masikio haya."

"Kusikika si kurudi, Gruber. Niletee neno la Kapteni kwamba rubani huyo alirudi melini, nami nitakuhesabia hapa hapa, noti juu ya noti. Bila hilo unanimalizia hewa tu."

Nikaipiga meza yake ngumi, maganda ya penseli yakaruka. Mabaharia wawili waliokuwa kwenye foleni wakanishika makwapa wakanitoa nje.

Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia nyama. Lakini kwetu Nebraska ukinunua ng'ombe unalipa, na ukivunja ua wa jirani unautengeneza kabla jua halijazama. Hakuna aliyenifundisha namna ya kuishi na watu wanaoliona jambo kwa macho mawili halafu wakalikana kwa mdomo mmoja.

Nitaeleza mambo yalivyokuwa, bila kutia chumvi. Kuamini ni juu yako.

Mwaka ule, wa elfu moja mia tisa thelathini na moja, wanaume wenye mikono mizima walikuwa wanapanga foleni ya supu pale San Diego, kwa hiyo mwenye kazi ya jeshi la maji aliing'ang'ania kwa meno. Meli yetu iliitwa Brandywine, meli ya kubebea ndege. Mimi nilikuwa mkubwa wa kikosi cha waya. Ndege ikitua melini, kulabu inayoning'inia mkiani mwake hunasa mojawapo ya waya zilizotandazwa kukingama sitaha, ule uwanja wa mbao juu ya meli. Waya ile huvuta vyuma vizito huko chini, vyuma vinapanda, ndege inasimama. Hapo mmoja wetu anakimbia, anaingia chini ya mkia, anaichomoa kulabu kwa mkono wake. Ndege inasukumwa mbele, nyingine inakuja.

Mchana hiyo ni kazi. Usiku ulikuwa wazimu uliovalishwa sare. Kurusha ndege usiku kutoka melini lilikuwa jambo jipya kabisa, na hapakuwa na mwalimu. Tulijifunza kwa kuvunja. Kando ya sitaha palikuwa na taa ndogo zilizozibwa juu ili adui asizione. Kwenye tezi, nyuma kabisa ya meli, alisimama Luteni Thornquist na fimbo mbili zenye taa nchani, akimwambia rubani panda, shuka, sawa, sasa zima injini. Basi. Ndege zenyewe, za kukaa mtu mmoja, hazikuwa na redio. Mtu alirudi kutoka kwenye giza lote lile akitafuta fimbo mbili.

Dell, shemeji yangu Delbert, alikuwa rubani asiye ofisa. Walikuwepo wachache wa namna hiyo. Yeye alitokea kwenye ufundi wa injini, akapanda. Maofisa waliruka naye bawa kwa bawa, halafu wakishuka wanakwenda kula kwenye meza yenye kitambaa na yeye anakuja kula na sisi. Hakujali. Alikuwa na Verna, dada yangu, na Verna alikuwa na mimba ya kwanza, na wote wawili walitembea mitaani Coronado kama watu walioiba kitu na hawajashikwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, maana tulikula maharage na mkate wa mahindi, chakula chetu cha kila Jumatano asubuhi. Dell akakaa ubavuni kwangu akamega mkate wangu bila kuomba.

"Shemeji," akasema, "leo ukinipa waya ya mwisho tena nakushtaki kwa dada yako."

Nikamwambia aje kama mtu, asije kama gunia la viazi. Akacheka, akajipangusa makombo, akaenda zake. Hayo ndiyo yalikuwa maagano yetu.

Jioni tulikuwa mbali na pwani, kwenye mazoezi ya vita. Manowari zetu ziligawanywa pande mbili, na kila meli ilipewa waamuzi wake. Meli itakayoonekana taa zake usiku inahesabiwa imezamishwa. Kapteni wetu, Harbison, aliutamani ushindi ule kama mgonjwa anavyotamani maji. Ndege nne ziliruka jua likizama, ya Dell ikiwemo. Zilitakiwa kurudi gizani, taa ziwashwe kwa muda mfupi tu, zitue haraka, taa zizimwe.

Sasa sikiliza tulivyokuwa tunahesabu. Usiku huwezi kuiona ndege vizuri. Unaona miale ya ekzosi, basi. Kwa hiyo tulijizoesha kuhesabu cheche. Kulabu ikigonga vipande vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mbao za sitaha, inatoa cheche kubwa ya buluu. Bohannon, Mwairishi mmoja mwenye mdomo kama kinu, alisimama ukingoni na simu imefungwa kifuani. Kila akiona cheche anawaita walio darajani, chumba cha juu ambako Kapteni huongozea meli: mmoja ndani, wawili ndani. Hatukuwa na agizo la kufanya hivyo. Ilikuwa desturi tu, kwa sababu ilikuwa ya haraka, na darajani walipenda haraka.

Ya kwanza ikaja. Cheche, waya, ndani.

Ya pili ikaja kwa kasi mno. Cheche ikaruka, lakini kulabu ikadunda juu ya waya zote, na ndege ikapita mbele yetu injini ikinguruma, ikatokea omoni, mbele ya meli, na kurudi angani kuzunguka upya. Bohannon alikuwa ameshaita: wawili ndani.

Ya tatu ikatua. Halafu ile iliyodunda ikarudi ikatua vizuri. Bohannon, kwa mdomo uliozoea, akaita: wanne ndani.

Taa zikazimwa.

Nikamkimbilia. "Watatu," nikamwambia. "Mmoja umemhesabu mara mbili." Akaanza kuita kwenye simu, na akaambiwa anyamaze, meli iko kwenye ukimya wa vita. Akaita tena. Wakamkatia.

Ndipo tukaisikia injini ya Dell juu yetu.

Nilipanda ngazi ya daraja mbio. Kapteni alikuwa amesimama mbele ya dirisha, mikono nyuma. Nikamwambia, tena kwa adabu, Mungu shahidi, kwamba mtu wetu mmoja bado yuko juu, awashe taa. Wakati huohuo fataki ya kijani ikapasuka angani. Hiyo ndiyo ishara ya rubani anayeomba kutua. Kila aliye pale aliijua. Ikateremka polepole, na kwa mwanga wake niliziona nyuso zao zote, za kijani, na hakuna aliyenitazama.

Kapteni akasema hiyo ni hila ya wapinzani ya kututoa gizani.

"Hesabu ni nne, Gruber. Shuka chini."

Nikashikwa nikashushwa. Injini ikazunguka. Ikaja karibu, ikaenda mbali, ikaja tena, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Sisi tuliosimama sitahani tulinyanyua vichwa tukaifuata kwa masikio. Kisha ikakohoa. Ikakohoa tena.

Baada ya hapo tulisikia maji tu.

Kulipopambazuka mwamuzi akatangaza kwamba Brandywine haikuonekana usiku kucha, na wakubwa wakapeana mikono. Chini kwenye banda la ndege zilikuwepo tatu. Mahali pa ya nne palikuwa na vigingi vya kuzuia magurudumu, vimepangwa tayari, vinasubiri.

Bodi ya uchunguzi ilikaa asubuhi moja, ikamaliza kabla ya chakula. Bohannon hawakumuuliza juu ya cheche. Mimi waliniuliza kama nina uwezo wa kuona gizani. Nikajibu sina, lakini nina uwezo wa kuhesabu mpaka nne. Wakaniambia nitoke. Wakaandika kwamba Ruskey alijitenga. Kusema kweli kungekuwa ni kusema kwamba Kapteni alimzamisha mtu wake mwenyewe ili ashinde mchezo, na hakuna aliyekuwa na kifua cha kusema hilo kwa Kapteni aliyetoka kupongezwa.

Verna hakulia mbele yangu. Aliniuliza jambo moja tu: "Kaka, kwa hiyo kwa mujibu wao yuko wapi?"

Yeye akaanza kufua nguo za wake za maofisa, tumbo likiwa mbele yake, na mwenye nyumba akaanza kubisha mlango kila Ijumaa kudai kodi.

Mwezi ulipokonda na kufifia, mazoezi ya usiku yakarudi.

Usiku wa kwanza ndege zilitua zote. Safari hii tulizigusa kwa mikono, moja moja, ndipo Bohannon akaita. Taa zikazimwa. Nikawa nakunja kamba yangu, nikasikia injini.

Nilidhani ni meli nyingine imepoteza ndege. Nikatazama nyuma yetu. Palikuwa na miale miwili ya ekzosi, ya buluu, chini kabisa, inakuja kwenye mstari wa tezi kama inavyotakiwa. Vizuri. Taratibu. Haikuja kama gunia la viazi.

Luteni Thornquist alikuwa bado amesimama mahali pake. Akaziwasha fimbo zake kwa mazoea, akazinyanyua. Halafu akarudi hatua moja nyuma. Akazipunga juu ya kichwa, zikipishana. Hiyo maana yake ni usitue, pita.

Injini ikanguruma. Kikapita kitu juu yetu. Upepo wake ukatuvua kofia. Matone yakatuangukia usoni.

Nikalamba mdomo. Ilikuwa maji ya chumvi.

Juu yetu hapakuwa na ndege. Nyota zilikuwa zinaonekana zote, moja moja, hazikuzibwa na kitu.

Ikazunguka. Ikarudi. Thornquist akaipungia tena ipite, ikatii. Mara ngapi sijui. Mpaka kukaribia alfajiri. Haikuishiwa petroli. Kila ikirudi ilikuja kwa utaratibu uleule, ikangoja ishara, ikakataliwa, ikapita. Bohannon alikuwa amekaa chini, simu kifuani, akisali kwa lugha ya bibi yake. Hakuna aliyewapa walio darajani taarifa. Hawakuhitaji. Madirisha ya daraja yalikuwa wazi.

Asubuhi ikasomwa amri, ikabandikwa ukutani: wakati wa mazoezi ya usiku husikika mwangwi wa injini kutokana na ukungu, ni marufuku kuuzungumzia. Ukungu. Nyota zote zile, mtu anakwambia ukungu. Nilitaka kuing'oa karatasi ile ukutani niile.

Basi tukawa na desturi mpya ambayo hakuna aliyeitaja. Kila usiku wa mazoezi ndege zikitua, wenzangu wanajikusanya mbele, mbali na tezi, migongo imegeuzwa. Thornquist peke yake anabaki kule nyuma akimfukuza. Alikonda. Siku moja nilimkuta kwenye ngazi amekaa, fimbo zake miguuni, anajisugua mabega. Mimi na maofisa hatukuwa watu wa kukaa ngazi moja, lakini nilikaa.

Nikamuuliza kwa nini hamruhusu atue.

Akanong'ona kwamba amri ni kwamba sitaha imefungwa. Sitaha ikifungwa, mwenye fimbo hana ruhusa ya kumkaribisha mtu atue.

"Luteni, yule anakutii. Kila siku. Ungemwambia atue angetua."

"Ndicho ninachokiogopa, Gruber."

"Mimi naogopa zaidi dada yangu afukuzwe nyumba. Tuttle anataka neno kwamba mtu karudi melini. Basi na arudi. Nitamchomoa mimi."

Akaokota fimbo zake.

Usiku uliofuata bahari ilikuwa tulivu, nzito kama mafuta. Ndege zetu zikatua. Taa zikazimwa. Wenzangu wakaenda mbele. Bohannon akabaki. Nikamwambia nenda, akatikisa kichwa, akasema yeye ndiye aliyehesabu.

Injini ikaja.

Miale miwili ya buluu. Chini. Sawasawa.

Thornquist akainua fimbo zake, akazinyoosha pembeni, mikono imetulia. Sawa. Njoo. Njoo hivyohivyo. Simu ya Bohannon ikaanza kulia kifuani mwake. Darajani walikuwa wameziona taa za fimbo zikikaribisha. Bohannon hakuipokea.

Thornquist akashusha fimbo moja, haraka, kooni mwake. Zima injini.

Injini ikazimika.

Kimya. Hapakuwa na cheche.

Kisha waya ya pili ikanyanyuka yenyewe kutoka sitahani. Ikavutika mbele, ikachongoka kama mshale, ikalia. Chini ya miguu yetu vyuma vizito vikapanda mpaka mwisho, tukasikia vikigonga. Waya ikasimama hapo, imekazwa, inatetemeka. Nchani mwake hapakuwa na kitu.

Maji yakaanza kudondoka kwenye mbao. Matone makubwa, mahali pawili, panapokaa magurudumu.

Waya iliyonaswa haiachii mpaka mtu achomoe kulabu. Hiyo ndiyo kazi. Nilikuwa nimeifanya mara elfu. Nikasikia harufu ya petroli, na chini yake harufu ya kitu kilichokaa majini muda mrefu.

Nikapiga magoti. Nikatambaa.

Nilipofika kwenye ncha ya waya, baridi ikanipiga usoni, kama umefungua mlango wa ghala la barafu. Nikanyoosha mkono. Gizani, mahali pasipo na kitu, vidole vyangu vikagusa chuma.

Kilikuwa kimejaa utelezi. Kimeota makombe, yale madogo makali yanayoganda kwenye tumbo la meli. Nikakikamata. Makombe yakanichana kiganja. Nikavuta kama ninavyovuta siku zote, chini, kisha nyuma.

Hakikutoka.

Juu ya mgongo wangu kitu kikagongagonga. Vidole, kwenye kitambaa cha ubavu wa ndege. Rubani akichoka kungoja hufanya hivyo, anakuhimiza. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Subiri, Dell." Nikavuta kwa uzito wangu wote.

Kikachomoka. Waya ikaanguka. Vyuma vikashuka.

Michirizi miwili ya maji ikatambaa mbele yangu kwenye mbao, sambamba, ikaenda hadi katikati ya sitaha, ikakoma. Nikangoja. Bohannon alikuwa nyuma yangu, amenishika shati kama mtoto. Kisha, pembeni ya mchirizi wa kushoto, ukatokea unyayo wa kiatu. Wa maji. Ukatokea wa pili.

Rubani akitua ana jambo moja la kufanya kabla ya kula au kuvua koti: anapanda darajani kuripoti.

Nyayo zikapita karibu yangu. Hazikusimama. Nilitaka zisimame, nakwambia kweli. Zikafika kwenye ngazi ya daraja. Kila kidato kikapata maji yake. Nikazifuata. Sikujiuliza, nilikuwa nimekasirika kupita woga.

Darajani mshika usukani alikuwa ameinamisha uso kwenye dira, machozi yanamtoka. Kapteni Harbison alikuwa amesimama mbele ya dirisha, mikono nyuma. Nyayo zilikuwa zimekwenda moja kwa moja mpaka nyuma yake, zikasimama, visigino vimekutana, kama mtu aliyetoa saluti na anangoja kuitikiwa.

Kapteni hakugeuka. Alibaki akitazama kioo. Na katika kioo kile alikuwa anaona kitu nyuma yake, maana alikuwa anahema kwa mdomo kama mtu aliyekimbizwa.

Asubuhi daktari wa meli alinitoa makombe saba kiganjani kwa koleo ndogo. Akayaweka kwenye kikombe cha maji ili anionyeshe kwamba ni maganda makavu tu ya ufukweni niliyoyaangukia nikiwa nchi kavu. Tukayatazama. Yakafunguka. Yakatoa manyoya yao madogo, yakaanza kula.

Daktari akafunika kikombe. Akanifunga mkono.

Sitahani mabaharia walikuwa wanasugua michirizi ile miwili kwa mawe na mchanga. Mbao zilitoka nyeupe, zikakauka, halafu zikalowa palepale. Walisugua mpaka adhuhuri. Bado ilikuwepo.

Alasiri nikaitwa kwa Kapteni. Chumba chake kilikuwa na zulia la buluu na madirisha mawili ya mviringo, jua linaingia. Hapakuwa na giza la kusingizia. Alikuwa amekaa nyuma ya meza. Akasema amesikia kwamba sijalala vizuri tangu msiba. Akasema kuna nafasi nchi kavu, ghala la vifaa, kazi nyepesi na cheo juu. Ninachotakiwa ni kukiri kwamba jana usiku niliona mambo kwa uchovu. Luteni Thornquist amekwisha kukiri. Bohannon naye.

Nikamwambia hao ni watu wazima, wamejisemea yao.

"Unataka niseme nini, Gruber?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Unataka Kapteni wa jeshi la maji aandike kwamba maiti imetua melini mwake?"

"Nataka aandike kwamba rubani alirudi."

Akaniambia nitafikishwa mahakama ya kijeshi. Akaniambia nitafukuzwa, nikapange foleni ya supu. Akaniambia mengi, na sikuyasikia yote, kwa sababu nilikuwa natazama nyuma ya kiti chake.

Zulia pale lilikuwa limelowa. Nyayo mbili. Visigino vimekutana. Maji yalikuwa yanazidi kupanda kwenye nyuzi za zulia nikiwa natazama, kama kuna nguo iliyolowa inayodondosha maji juu yake.

Kapteni akaona nilipoelekeza macho. Hakugeuka.

"Wamepangusa mara nne tangu asubuhi," akanong'ona. "Nikihama chumba, zinahama." Akavuta miguu yake chini ya kiti. "Yule mtu anataka nini kwangu?"

Ofisa mwenye tepe nne begani ananiuliza mimi. Miezi yote ile, bodi, amri, ukungu, dada yangu na mabeseni yake ya nguo za watu, na bado anauliza.

Nikasogea mpaka mezani. Nikachukua kalamu yake kwa mkono ule uliofungwa, nikaiweka mbele yake.

"Andika kwamba alirudi," nikasema, "na mkewe alipwe dola mia saba hamsini na sita. Leo."